UZI: Jinsi tulivyopata karatasi za zahanati yetu kutoka kaunti (barua niliyotumia nimeiweka)

#1 Bintimwambao

Salaam nyote. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka na anayetaka barua tu, ashuke mpaka mwisho wa posti hii.

Kijijini kwetu, Pwani ya Kenya, kaunti ilitujengea zahanati. Kuta zipo, mabati yapo, rangi imepakwa vizuri. Lakini hakuna tangi la maji, hakuna mifereji ya kukinga mvua, na chumba cha kujifungulia hakina hata sinki. Mama akishikwa na uchungu, jamaa zake ndio wanaobeba maji kwa madumu kutoka kisimani, na kisima kiko bondeni. Nimo kwenye kamati ya zahanati, na madumu hayo nimeyabeba mwenyewe usiku.

Miaka miwili tuliuliza. Tukamuuliza MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti), tukamuuliza chifu, tukasimama barazani, tukaenda kwa afisa wa afya. Wote walitupokea kwa heshima, na wote walitwambia "kazi inaendelea, kuweni na subira."

Nimekuja kuona kwamba tulikosea kwa kuuliza maswali. Ukiuliza "tangi letu liko wapi?" unajibiwa kwa mdomo, na neno la mdomo ukifika nyumbani huna pa kulishikia. Tulianza kufika mahali siku tulipoacha kuuliza tukataja karatasi: mkataba, BQ (orodha ya kazi na vifaa, pamoja na bei zake), vyeti vya malipo, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji kazi, cheti cha kukamilika kwa kazi. Karatasi ama ipo ama haipo. Afisa hawezi kukwambia karatasi "inaendelea".

Sheria iko wazi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa Serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari, nambari 31 ya 2016, ndiyo inayoeleza namna ya kuidai. Serikali za kaunti zimo ndani yake sawasawa na wizara za Nairobi. Kuna mambo matatu ningependa mtu ayashike hata akisahau mengine yote.

La kwanza, ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Sheria yenyewe imesema hivyo. Mimi niliandika kwa Kiswahili.

La pili, hulazimiki kueleza sababu. Karani aliniuliza mara tatu "unazitaka za nini?" Sheria inasema haki yako haiguswi na sababu uliyotoa, wala na sababu ambayo ofisi inakudhania.

La tatu, kuleta ombi ni bure. Unacholipa ni gharama ya kunakili, tena gharama halisi.

Sasa niwaeleze siku yenyewe. Jumatatu, tarehe 3 Februari, nilifika ofisini saa mbili na nusu na barua mbili zinazofanana. Dada wa mapokezi akaipokea moja, akaikunja na kuiweka kwenye droo, akasema "tutakupigia". Nikamwomba, kwa adabu, anigongee muhuri kwenye ile nakala yangu. Akasema muhuri uko kwa bosi. Nikakaa. Nilikuwa nimebeba mahamri na chupa ya maji, nikaweka mkoba mapajani nikatulia. Saa tano ule muhuri ukatoka kwenye droo ileile iliyoingia barua yangu. Nakala yangu ikagongwa, ikaandikwa tarehe na kutiwa sahihi. Jamani, msiondoke bila muhuri huo. Siku zenu zinahesabiwa kutoka hapo.

Wana siku 21 za kujibu. Habari zinazogusa uhai au uhuru wa mtu hujibiwa ndani ya saa 48. Karatasi zikiwa nyingi sana wanaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Tarehe 24 Februari ikafika kimya. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua kabisa: wakinyamaza, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa wamekataa. Basi husubiri tena. Una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tuliyozoea kuiita Ombudsman. Nilipeleka tarehe 27, nikaambatisha nakala yenye muhuri. Tume ikaiandikia kaunti.

Tarehe 8 Aprili nikaitwa. Nililipa shilingi 140 za fotokopi, kurasa 14. Nilizisoma nikiwa nimesimama kwenye ukumbi, nikashindwa kungoja mpaka stendi. Ukurasa wa 6 wa BQ: tangi la plastiki la lita 10,000 pamoja na msingi wake wa zege. Ukurasa wa 7: mifereji ya mvua, kwa mita. Na kwenye cheti cha malipo, mistari yote miwili imetiwa alama kuwa imekamilika na imelipwa.

Sitaitaja kaunti wala mkandarasi hapa, jambo liko mikononi mwa wanaohusika. Nimeleta uzi kwa ajili ya njia. Barua hii hapa, jazeni nafasi zilizo wazi:

*Kwa: Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Serikali ya Kaunti ya ……*
*KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI, 2016*
*Mimi ni raia wa Kenya, kitambulisho nambari …… Naomba nakala za kumbukumbu hizi kuhusu mradi wa ……, zabuni nambari ……, mwaka wa fedha ……: (1) mkataba uliotiwa sahihi, (2) BQ, (3) vyeti na vocha zote za malipo, (4) ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji kazi, (5) cheti cha kukamilika kwa kazi.*
*Nitalipa gharama ya kunakili. Iwapo sehemu yoyote inazuiliwa na sheria, naomba nipewe sehemu iliyobaki, na nielezwe kwa maandishi kifungu kinachoizuia. Iwapo kumbukumbu ziko kwa taasisi nyingine, naomba ombi hili lihamishiwe huko ndani ya siku 5 kama sheria inavyotaka.*
*Sahihi, tarehe, simu.*

Nambari ya zabuni niliipata kwenye kibao cha mradi kilichokuwa kimeangukia majanini nyuma ya zahanati.

#2 NahodhaWaMtepe

Dada, hongera, lakini sisi tulijaribu kuhusu banda la samaki tukaambiwa mkataba una kipengele cha siri kati ya serikali na mkandarasi, haufunguliwi. Tukarudi nyumbani. Mtu wa kijijini atabishana vipi na neno "siri"?

#3 WakiliMchanga

Nahodha, hapo msirudi nyumbani. Kifungu cha 6 cha ile Sheria kinataja mambo yanayoweza kuzuiliwa: usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na mengine kadhaa. Lakini afisa hatakiwi kutamka neno "siri" akanyamaza. Lazima akuonyeshe ni madhara gani yatatokea, na hata hapo maslahi ya umma yanaweza kuyashinda.

Mfano uko hapo hapo Mombasa. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo walidai mikataba ya reli ya SGR, ile iliyojengwa kwa mikopo ya China. Serikali ikasema mikataba ina masharti ya kutotoa siri. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru mikataba itolewe, kwa kuwa kuificha ni kuvunja Kifungu cha 35. Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, akaweka hadharani sehemu ya makubaliano ya mkopo. Ikiwa mkataba kati ya dola mbili umeambiwa ufunguliwe, wa banda la samaki utajificha kwa hoja gani?

Kuna nyingine ya 2017. Taasisi ya Katiba iliomba kujua gharama ya matangazo ya serikali yaliyotoka kabla ya uchaguzi wa Agosti. Haikupewa. Mahakama Kuu ikaamuru habari zitolewe. Jaji alikuwa Mwita.

Na kwa wenye vikundi na kampuni: 2013, katika kesi ya jarida moja dhidi ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, mahakama iliona kwamba haki hii ni ya raia aliye mtu, kampuni haimo. Sheria ya 2016 ikalirekebisha hilo, sasa "raia" ni pamoja na taasisi binafsi inayodhibitiwa na raia mmoja au zaidi wa Kenya. Hata hivyo ushauri wangu ni kuandika kwa jina la mtu na kitambulisho chake. Unampunguzia afisa kisingizio kimoja.

#4 KaraniWaZamani

Wanangu, nimefanya kazi masjala miaka 27, nimestaafu. Ruhusuni niseme kutoka upande wa pili wa kaunta.

Bintimwambao umepatia pale kwenye kutaja karatasi, nami nitawaambia kwa nini. Barua ikiingia, inaandikwa kwenye kitabu cha barua zinazoingia, inapewa nambari ya jalada, kisha ndani ya jalada kila ukurasa unapewa nambari yake ya folio. Afisa anaandika maagizo kwa wino upande wa kushoto, jalada linatembea. Kwa hiyo ombi linalosema "naomba habari zote kuhusu barabara yetu" halina jalada. Linazunguka meza hadi meza kwa kuwa hakuna anayejua liwekwe wapi. Ombi lenye nambari ya zabuni na mwaka wa fedha linafikia rafu moja tu. Karani anainuka, analitoa.

Jambo jingine: mara nyingi anayekataa haibi kitu. Anaogopa. Yeye ni wa ngazi ya chini, hajawahi kusomewa hii sheria, na anajua kwamba akitoa karatasi ikatokea gazetini ataitwa yeye. Kwa hiyo andikieni mkubwa. Kisheria afisa wa upatikanaji wa habari ni mtendaji mkuu wa taasisi mwenyewe, ingawa anaweza kumkasimu mwingine. Barua ikienda kwake, ikarudi chini na maagizo yake ya wino, yule karani ana kinga. Atakutolea kwa moyo mkunjufu. Niliwahi kumtolea mzee mmoja ramani ya 1978 ya njia ya ng'ombe, kwa sababu tu bosi alikuwa ameandika neno moja pembeni: "Apewe." Mzee yule aliishika ile karatasi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Na mkiambiwa "jalada limepotea", ombeni hilo lenyewe kwa maandishi. Kifungu cha 17 kinawataka watunze kumbukumbu, na kiliwapa miaka mitatu waziweke kwenye kompyuta. Barua yenye sahihi inayosema jalada limepotea ni kumbukumbu nzito. Wakaguzi wanaifahamu.

#5 Bintimwambao

Mzee wangu shikamoo. Hilo la kumwandikia mkubwa ningelijua Februari! Na sikujua la folio.

#6 KaraniWaZamani

Marahaba mwanangu. Safari ijayo, ukishapewa nakala angalia pembe ya juu kulia. Ikiwa folio zinaruka kutoka 41 hadi 44, omba 42 na 43.

#7 DodomaHalisi

Naomba kuchangia kutoka Tanzania, ndugu zetu wanaosoma huku wasije wakabeba siku 21 za Kenya wakazipeleka halmashauri.

Kwetu kuna Ibara ya 18 ya Katiba, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inayotumika Tanzania Bara. Haki ni ya raia. Taasisi ina siku 30 kujibu. Usiporidhika unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, na baada ya hapo unakata rufaa kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ndiyo wa mwisho ndani ya sheria hiyo. Hatuna chombo huru cha katikati kama Tume yenu, na mimi naona hapo ndipo penye udhaifu mkubwa, maana aliyekunyima na unayemlalamikia wako kwenye nyumba moja. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona maombi mazuri yakifia hapo.

Lakini tuna silaha ya zamani ambayo vijana wanaidharau: kusomewa mapato na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu. Pale mwananchi hahitaji fomu. Anasimama, anataka vitabu, na anataka hoja yake iandikwe kwenye muhtasari. Kijijini kwa mama yangu walikataa kufunga mkutano mpaka stakabadhi za mchango wa darasa zilipoletwa mezani. Zililetwa saa kumi na moja jioni, zimefungwa na uzi wa katani kwenye mfuko wa sukari, zikasomwa moja baada ya moja kwa mwanga wa tochi ya simu. Muhtasari ule baadaye ndio uliotumika wilayani. Kwa hiyo anzeni hapo, halafu ndiyo mwende kwenye fomu.

#8 MwanaMkunguni

Bibi yangu hajui kusoma wala kuandika na ndiye anayejua historia yote ya kisima chetu cha mradi. Yeye hana haki hii?

#9 WakiliMchanga

Anayo kamili. Kwa Kenya, mtu asiyeweza kuandika kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu anaeleza kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika ombi na kumpa nakala yake. Afisa anayekataa kumsaidia mtu kama huyo, au anayekataa kupokea ombi, anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Mpeleke bibi mwenyewe, wewe kaa pembeni yake. Akishamaliza, ombeni asomewe kilichoandikwa kabla hajaweka dole gumba.

#10 PwaniDoha

Niko Qatar, mwaka wa sita. Shamba la marehemu baba nasikia limebadilishwa jina. Naweza kutumia barua hii kuomba kumbukumbu za ardhi?

#11 WakiliMchanga

Pole kwa msiba, kaka. Uraia wako haukuachwa uwanja wa ndege, haki unayo. Ila kwa ardhi usianzie hapa, utachelewa bure. Msajili wa ardhi ana njia yake ya upekuzi rasmi wa hati, na baadhi ya maeneo yako kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Mtume mtu unayemwamini akiwa na nambari ya kiwanja, upate cheti cha upekuzi kinachoonyesha mmiliki wa sasa na vizuizi vilivyoandikwa. Ukishaona jina limebadilika, ndipo barua ya Kifungu cha 35 inakuja kuomba fomu za uhamisho na kibali cha bodi ya ardhi vilivyotumika. Na usikae, weka kizuizi mapema kupitia wakili.

Vivyo hivyo rekodi zako binafsi, kama faili la hospitali: hapo tumia pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Siku hizi kuna maafisa wanaoitaja sheria hiyo kuficha mikataba. Jina la kampuni iliyolipwa kwa kodi zetu halina faragha ya mgonjwa.

#12 NahodhaWaMtepe

Swali la mwisho kwa dada. Hukuogopa? Mimi nina leseni ya uvuvi, inatoka ofisi hizohizo.

#13 Bintimwambao

Niliogopa. Sitakudanganya. Wiki ile ya kwanza nilipigiwa simu na mtu asiyejitaja, akaniuliza kama mwanangu bado anatafuta kazi kaunti. Usiku ule sikulala, nilimtazama kijana wangu akiwa usingizini nikajiuliza kama nimemfungia mlango.

Asubuhi niliwaendea wanakamati wenzangu wawili nikawaeleza. Wakasema, basi tuandike sote. Kila mmoja akaandika barua yake kwa jina lake, ombi lilelile, tukazipeleka siku moja. Tangu siku hiyo simu haikuja tena. Kwa hiyo kama una leseni, Nahodha, usiandike peke yako. Tafuta wenzako wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, muwe watano, na mmoja wenu awe mtu asiye na leseni wala tenda. Tena kabla ya kuandika, chukueni kilichokwisha kutangazwa: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ziko mtandaoni kwa kila kaunti na kila mwaka, na za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka. Sisi tuliukuta mradi wetu mle, umeandikwa jina na kiasi. Ukiandika ukiwa tayari na kiasi hicho, hawakuulizi tena kama mradi upo.

#14 NahodhaWaMtepe

Nimeitazama ya kaunti yetu sasa hivi kwenye simu. Banda limo. Limeandikwa asilimia 100.

#15 WakiliMchanga

Weka nambari ya ukurasa na mwaka wa ripoti kwenye aya ya kwanza ya barua yako. Na ukinyimwa ukaenda kwa Tume, Tume ikiamuru na kaunti ikapuuza, amri ile inaweza kupelekwa Mahakama Kuu itekelezwe kama hukumu. Asiyeridhika nayo ana siku 21 za kukata rufaa huko. Yaandikeni haya mahali.

#16 Bintimwambao

Taarifa fupi kwa walioniuliza kwa ujumbe binafsi: jana mhandisi wa kaunti alikuja na kamba ya kupimia. Alizunguka zahanati, akapima mahali msingi wa tangi ulipotakiwa kuwa. Pameota mchicha. Nilimpa nakala ya ukurasa wa 6, akaisoma, akaniuliza nimeitoa wapi. Nikamwonyesha muhuri wao.

Ameandika ripoti yake. Leo asubuhi nimepeleka barua nyingine, ukurasa mmoja, naomba nakala ya ripoti hiyo. Imegongwa muhuri saa nne kasorobo, na dada wa mapokezi safari hii hakuniuliza ya nini.

Nahodha, tuma rasimu yako hapa tuitazame kabla hujaipeleka.